Somo: Kuiandaa tovuti ya biashara ndogo ionekane Google, kabla hujamlipa mtu

Wakuu, habari zenu.

Mara nyingi naletewa tovuti iliyokwisha kukamilika, na mwenye nayo ananiambia, "Sasa niwekee SEO," yaani maandalizi ya kuonekana kwenye matokeo ya utafutaji, kana kwamba ni rangi ya kupaka ukuta uliokwisha kupigwa lipu. Somo hili ni lake. Ukiweza kuingia sehemu ya utawala ya tovuti yako na kunakili mstari mmoja wa maandishi, hatua zote utazimudu mwenyewe. Zifuate kwa mpangilio huu huu, maana watu hukimbilia maneno muhimu wakati mlango wa tovuti umefungwa kwa ndani.

Hatua ya 1: Hakikisha umo

Fungua Google, andika site: kisha, bila kuacha nafasi, jina la domeni yako, yaani anwani kuu ya tovuti. Zitakazotokea ni kurasa zako zilizomo kwenye faharasa ya Google, yaani orodha ya kurasa ilizozihifadhi. Huenda zisiwe zote, lakini hali utaijua. Kama hakuna hata moja, usihangaike na jambo lingine lolote kwanza.

Google ina roboti wake, Googlebot, anayefuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa. Anatembelea, anasoma, kisha mfumo unaamua kama ukurasa utawekwa kwenye faharasa. Nani awe juu na nani awe chini ni hesabu inayofanyika baadaye, mtu anapotafuta. Usipokuwa kwenye faharasa, mbio hazikuhusu.

Vitu viwili hufunga mlango. Cha kwanza ni agizo la noindex, linaloiambia Google isiuweke ukurasa kwenye faharasa. Kwenye WordPress, programu ya kujengea tovuti, katika mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiingize tovuti. Fundi hukitia tiki wakati wa ujenzi, na ni busara, halafu anasahau kuitoa. Mimi mwenyewe niliwahi kumkabidhi mteja tovuti namna hiyo. Tulikaa wiki saba tukibishana kuhusu vichwa na picha, kumbe tiki ipo pale pale. Wiki hizo sikumtoza, na tangu siku ile kisanduku hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokitazama.

Cha pili ni faili la robots.txt, utaratibu uliopo tangu 1994. Liangalie kwa kuandika jina la domeni yako na kumalizia na /robots.txt. Ukikuta "User-agent: *" na chini yake "Disallow: /", umewafukuza roboti wote. Hapa wengi huchanganya mambo: faili hili linamzuia roboti kusoma ukurasa, haliuondoi ukurasa kwenye faharasa. Ukurasa uliozuiwa unaweza kutokea kwenye matokeo hivyo hivyo, bila maelezo, kwa sababu tovuti nyingine imeweka kiungo chake. Na ukiweka noindex ndani ya ukurasa ulioufungia kwa robots.txt, roboti hataiona, maana hajaruhusiwa kuingia. Ukitaka ukurasa upotee kwenye matokeo, mwache aingie aikute noindex.

Hatua ya 2: Search Console

Hiki ni chombo cha Google kinachokuonyesha jinsi tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji, na ni bure. Ingia kwa akaunti ya biashara, si ya fundi. Utatakiwa kuthibitisha umiliki: ama unaweka rekodi ya TXT (mstari wa maandishi) kwenye DNS, yaani rekodi za domeni, ama unapakia faili dogo kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti. Ya DNS naipenda zaidi kwa kuwa inashika domeni nzima, yenye www na isiyo nayo.

Kisha wasilisha ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya anwani za kurasa zako, ambayo mara nyingi ni sitemap.xml. Faili moja linaruhusiwa kubeba hadi anwani 50,000, kwa hiyo mwenye kurasa 12 hana la kuogopa. Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, nayo ina chombo cha namna hii, na kinakubali kuchukua taarifa moja kwa moja kutoka Search Console. Ni kazi ya dakika chache, ifanye.

Hatua ya 3: Maneno ya mteja, si yako

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapopita mbio.

Tuseme wewe ni fundi wa friji. Tovuti yako imeandikwa "Tunatoa suluhisho bora za ubaridi kwa viwango vya kisasa." Nani alishawahi kutafuta hivyo? Mtu ambaye friji lake limemgomea usiku anaandika "friji haigandishi" au "friji inavuja maji chini". Hayo ndiyo maneno yako, na tayari unayo: yamo kwenye jumbe za WhatsApp na kwenye sentensi ya kwanza mteja anayokuambia akipiga simu. Chukua jumbe 30 za mwisho uzisome kwa kalamu mkononi. Halafu anza kuandika mojawapo kwenye Google uone inavyokumalizia sentensi, maana yale mapendekezo yanatokana na watu wanavyotafuta kweli.

Sasa kanuni ninayoishikilia kuliko zote: ukurasa mmoja, shida moja. Ukurasa mmoja wa "Huduma zetu" wenye vitu tisa, kila kimoja mstari mmoja, haumjibu mtu yeyote. Vunja. Friji isiyogandisha iwe na ukurasa wake: dalili, sababu za kawaida, unachokagua ukifika, kazi huchukua muda gani, na namba ya simu. Ukijikuta huna la kuandika zaidi ya mistari mitatu, basi shida hiyo haijastahili ukurasa wake, iunganishe na jirani yake.

Usirudie neno lile lile mara 20. Na ile orodha ya maneno muhimu ambayo programu-jalizi (programu za nyongeza za tovuti) nyingine bado zinakudai uijaze, iache tupu. Google ilitangaza tangu 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Hatua ya 4: Kichwa, maelezo, picha

Kila ukurasa uwe na kichwa chake, na neno la mteja likae mwanzoni: "Friji haigandishi: sababu na matengenezo", kisha jina la biashara mwishoni. Kichwa kirefu hukatwa kulingana na upana wa skrini, kwa hiyo herufi 60 hivi zinatosha. Maelezo mafupi yanayotokea chini ya kichwa hayakupandishi, ila ndiyo yanayomfanya mtu abofye kwako badala ya kwa jirani. Google hujiandikia yake pale inapoona yako hayajibu swali. Usikasirike.

Picha zipunguze uzito kabla ya kuzipakia. Picha ikitoka kwenye simu inaweza kuwa na megabaiti kadhaa, wakati kwenye ukurasa inakaa nafasi ndogo tu. Ipunguze vipimo, ihifadhi kama WebP, aina ya faili la picha lenye uzito mdogo. Andika na maandishi mbadala yanayosema kilichomo. "Fundi akibadilisha kompresa ya friji" ni sawa, "picha1" si kitu.

Hatua ya 5: Simu na kasi

Mwaka 2023 Google ilitangaza kukamilisha safari ya kuzisoma tovuti kwa sura ya simu kwanza. Maana yake, maandishi uliyoyaondoa kwenye sura ya simu ili "ipendeze" kwa Google ni kama hayapo. Pima kwa PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi. Vipimo vya kuangalia ni vitatu: kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na vitu visirukeruke wakati unafunguka, kipimo chake kisizidi 0.1. Usikeshe ukitafuta alama 100. Ukurasa wenye alama 70 unaojibu swali huushinda wenye 100 usiosema kitu.

HTTPS, yaani muunganisho salama kati ya mgeni na tovuti, iwepo. Sitaielezea zaidi, mwambie anayekuhifadhia tovuti aiwashe.

Hatua ya 6: Wasifu wa biashara na viungo

Kama wateja wanakuja kwako au unawafuata walipo, fungua Google Business Profile, wasifu wa biashara unaotokea Google na kwenye ramani zake. Jina, anwani na simu viandikwe sawasawa na vilivyo kwenye tovuti. Jina liwe la biashara tu. Kulijaza maneno muhimu ni kuvunja kanuni zao na wasifu unaweza kufungiwa.

Viungo kutoka tovuti nyingine vina uzito tangu Google ilipoanza 1998, na ndiyo sababu vinauzwa kama njugu. Usinunue. Aprili 2012 Google ilitoa badiliko lililoitwa Penguin, na tovuti zilizokuwa zimepanda kwa viungo vya kununua zikaporomoka. Waombe wauzaji wako wa jumla, chama cha wafanyabiashara wenzako, au wateja wenye tovuti wakutaje. Vitano vya kweli vinatosha kuanzia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Nimefanya yote, wiki ya pili hii bado sijioni. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda hujakosea, mkuu. Google wenyewe wanasema badiliko jingine huonekana ndani ya saa chache, jingine huchukua miezi. Ingia Search Console, kwenye ripoti ya utendaji, uangalie mara ulizoonyeshwa kabla ya kuangalia mibofyo. Zikianza kupanda, hata ukiwa nafasi ya 40, gari limewaka. Na acha kujitafuta kwa simu yako kila asubuhi, matokeo hubadilika kulingana na mahali ulipo, kwa hiyo unachokiona wewe sicho anachokiona mteja.

Swali: Kuna jamaa ananihakikishia nafasi ya kwanza ndani ya mwezi. Nimpe kazi?

Jibu: Hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza, na Google wameliandika hilo waziwazi kwenye mwongozo wao. Mwulize atabadilisha nini, kwenye kurasa zipi. Akisema ni siri, muage. Ukimpa kazi mwingine yeyote, usimpe nywila. Mwongeze kama mtumiaji kwenye Search Console, umiliki ubaki kwako. Nimeshaona mtu akigombana na fundi kisha akakosa pa kuingilia kwenye tovuti yake mwenyewe.

Swali: Mwalimu, naweza kutumia akili mnemba iniandikie kurasa 200 za huduma kwa siku moja?

Jibu: Kuandika kwa msaada wa akili mnemba si kosa kwa Google. Kosa ni kumwaga kurasa kwa wingi ili kupanda tu, na tangu Machi 2024 kanuni zao zinalitaja hilo moja kwa moja, ziwe zimeandikwa na mashine au na mtu. Dada yangu, una shida 200 tofauti za wateja? Andika nane unazozijua. Mashine ikusaidie kunyoosha sentensi, lakini yale ya "nikifika huwa nakagua hiki kwanza" yatoke kichwani mwako, maana haina pa kuyapata.

Swali: Tovuti yangu ina lugha mbili, nimeziweka juu na chini kwenye ukurasa mmoja. Ni sawa?

Jibu: Hapana, zitenganishe. Kila lugha iwe na anwani yake, kisha kurasa hizo mbili ziunganishwe kwa alama ya hreflang, inayoiambia Google kila ukurasa ni wa lugha gani, kila mmoja ukimtaja mwenzake. Ukiutaja upande mmoja tu, alama inapuuzwa.

Swali: Mkuu, mwezi jana nilibadilisha muundo mzima wa tovuti pamoja na anwani za kurasa. Wageni wamekauka kabisa. Nirudishe ya zamani?

Jibu: Usirudishe bado. Anwani za zamani zinaonyesha ukurasa haupo, siyo? Basi weka uelekezaji wa 301, yaani wa kudumu, kutoka kila anwani ya zamani kwenda kwenye ukurasa mpya unaofanana nao. Usizielekeze zote ukurasa wa mwanzo. Aliyetafuta friji inayovuja akitupwa sebuleni anaondoka, na Google huweza kulichukulia hilo kama ukurasa uliopotea. Orodha ya anwani za zamani utaipata Search Console kwenye ripoti ya kurasa, upande wa zisizopatikana. Anza na zilizokuwa na mibofyo mingi. Uelekezaji huo uuache kwa mwaka mmoja angalau, na ukikwama, leta hapa anwani mbili tatu, ya zamani na mpya yake, tuziangalie pamoja.