Kusafisha maji taka ya jamii ndogo kwa tangi na kitanda cha matete

Maji taka hutulia kwanza tangini, kisha hupita kwenye kitanda cha matete, yaani shimo pana lenye kokoto zilizopandwa matete, ndipo humwagwa kijitoni. Mfumo huu hauhitaji umeme wala dawa. Unahitaji mteremko kidogo, eneo, na watu watakaoutunza. Mfano wetu ni jamii ya watu 200 katika nchi ya joto.

1. Anza kijitoni

Kabla ya kuchimba chochote, kipime kijito kitakachopokea maji yenu, tena wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache kabisa. Bakteria wanaoozesha uchafu hutumia oksijeni ileile inayowaweka samaki hai, na ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita, samaki wengi hutaabika. Chukua sampuli juu na chini ya mahali bomba litakapomwaga, uyatunze majibu.

2. Piga hesabu ya maji

Watu 200 wakitumia lita 80 kila mmoja kwa siku, ni mita za ujazo 16. Maji ya mvua yapitie mfereji wake. Yakiingia tangini hutibua tope na kulisukuma nje.

3. Jenga tangi, na ulipime

Vitanda vya matete nilivyoviona vikifa viliuawa, karibu vyote, na tope lililotoroka tangini. Hapa usibane matumizi.

Maji yakae siku 2, yaani mita za ujazo 32. Ongeza nafasi ya tope: lita 40 kwa mtu kwa mwaka, kwa miaka 3, ni mita za ujazo 24. Jumla 56. Gawa vyumba viwili, cha kwanza kikiwa kikubwa. Bomba la kutokea liwe na tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T) inayoshuka chini ya utando wa mafuta, ili lichukue maji ya katikati tu.

Kila mwaka, zungushia kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, uuzamishe hadi sakafuni, usubiri dakika chache, kisha uutoe polepole. Sehemu iliyoshika weusi ndiyo kina cha tope. Likifika theluthi ya kina cha maji, ita gari la kunyonya. Mtu asiingie ndani kamwe, hata kumwokoa mwenzake: gesi ya humo huua, na mwokoaji huwa wa pili kufa.

4. Tandaza kokoto

Tenga mita 2 za mraba kwa kila mtu. Kwenye baridi, 5 au zaidi. Zetu 400 zigawe vitanda viwili, ili kimoja kiweze kupumzishwa. Sakafu izibwe kwa plastiki nzito au udongo wa mfinyanzi, kisha kokoto safi za milimita 8 hadi 16, kina cha sentimita 60. Maji yajae sentimita 50. Nafasi kati ya kokoto ni kama asilimia 40, hivyo maji hukaa siku 5.

Kwenye tokeo weka elbo (kiungo cha bomba kilichopinda) inayozungushika: ukiiinamisha, maji hushuka. Yakibaki chini ya uso wa kokoto, mbu hawapati pa kutagia.

5. Panda matete

Tumia ya hapohapo, mashina manne kwa mita ya mraba. Kazi kubwa hufanywa na bakteria waliogandamana na kokoto.

6. Fuatilia

Kitanda hiki hupunguza sana uchafu unaooza, lakini vijidudu vya magonjwa na amonia hubaki kwa wingi. Kama kuna wanaooga au kuchota maji chini ya bomba, ongeza bwawa la kina cha mita 1 lililo wazi kwa jua. Maji yakituama juu ya kokoto kwenye ingilio, hamishia mtiririko kitanda cha pili kwa wiki kadhaa, na siku hiyohiyo kapime tope tangini.