Muhumula: mbegu mbichi, gome la upande mmoja

Sisi Bukoba mti huu tunauita muhumula; Waganda wanauita musizi, na maofisa misitu wanauandika Maesopsis eminii. Kibanja chetu cha kahawa na migomba kina mihumula sita. Ilikuwa saba.

Mara ya kwanza niliokota matunda, nikaanika mbegu juani juma zima kama maharage. Haikuota hata moja. Mbegu ya muhumula haitaki kukaa. Okota matunda yaliyodondoka, yale yaliyoiva hadi kuwa ya zambarau nyeusi, ondoa nyama, osha kokwa, loweka kwenye maji baridi siku mbili, kisha ukizitoa majini zitie siku hiyohiyo kwenye viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche, chini ya kivuli chepesi. Baada ya hapo ni subira tu. Moja itachomoza baada ya mwezi, ya kiriba cha pili baada ya miezi mitatu, kwa hiyo usiharakishe kumwaga udongo. Siku hizi mimi nafuata njia ya mvivu: nang'oa miche iliyojiotea chini ya mti mama, pamoja na udongo wake. Kazi ngumu ndege wameshaifanya.

Hamisha mvua zikishika. Katika kahawa acha hatua kumi kati ya mti na mti. Miaka ya mwanzo huongeza kimo cha mtu mzima kwa mwaka, na matawi ya chini mti huyapukutisha wenyewe, hivyo kahawa inapata kivuli bila kuzibwa.

Sasa dawa. Bibi alitumia gome kwa mtu mzima aliyefunga choo, basi. Alibandua kipande cha kiganja upande mmoja wa shina, akakichemsha, akampa kikombe kidogo kile cha kahawa. Linaharisha kwelikweli: mjomba aliwahi kuburuta kigoda akakaa mlangoni mwa choo hadi jogoo lilipowika. Mjamzito na mtoto hakuwapa kabisa. Kipimo chake kamili sikiandiki hapa, maana alikipima kwa jicho, na gome la mti mmoja si kali kama la mwingine. Tumbo likiuma na choo kimekwama, nenda zahanati.

Ukibandua, usizungushe. Wa saba nilimwachia kijana mwenye haraka, akauvua gome shina zima kama ganda la muwa. Ukakauka umesimama. Mbao zake hazistahimili mchwa. Nilipopata msumeno walikuwa wameshafika kiunoni.