Kwikwi baada ya operesheni: anza kwa kulitazama tumbo

Nimeuguza wodi ya upasuaji hapa Dodoma kwa miaka mingi, na bado naumia nikimkuta mgonjwa aliyepasuliwa tumbo amekesha na kwikwi, ndugu wamekaa pembeni wakiambiana itapita. Wamezoea kwikwi ya mtoto, ile ya kubandikiwa kikaratasi kwenye paji la uso. Hii ya mgonjwa kila ikiruka inavuta mshono, inamnyima usingizi na chakula, na mara nyingine ndiyo dalili ya kwanza kwamba ndani hakujakaa sawa.

Mfunue, mtazame tumbo. Limejaa? Limekaza kama ngoma? Ameshajamba tangu atoke chumba cha upasuaji? Usione haya kuuliza. Wodini tunamuuliza kila mtu, hata mama mkwe wako. Baada ya operesheni utumbo huzubaa kwa muda, hewa na maji vinajikusanya, tumbo linasukuma kiwambo, ule msuli mpana uliotenga kifua na tumbo, nao unaanza kujikaza wenyewe. Hapo maji ya baridi hayasaidii kitu. Mwite muuguzi. Ikionekana inafaa kuwekwa mpira unaopita puani hadi tumboni na uchafu ukatolewa, kwikwi nyingi za namna hii hutulia bila dawa.

Na soda, jamani. Watu wanasafiri toka Kongwa, Bahi, Mpwapwa kuja kumjulia hali mgonjwa, na mkononi wana soda. Ile gesi inakwenda kulijaza tumbo lililokwisha kujaa. Asipewe. Akisharuhusiwa kula, mpe uji mwepesi wa uwele kidogo kidogo, ameinuliwa kichwani, na asilale chali mara tu anapomaliza.

Tumbo likiwa laini na ameruhusiwa kunywa, anaweza kujaribu mafunda madogo ya maji mfululizo, au avute pumzi, aishikilie kidogo kwa utulivu, kisha aiachie taratibu. Basi. Kukunja magoti mpaka kifuani, kubana pumzi huku anajikamua, kumshtua ghafla: hayo yaacheni kabisa kwa mwenye mshono mbichi wa tumbo au wa ngiri, na kwa aliyetoka kufanyiwa operesheni ya jicho. Kinachomsaidia ni kanga. Ikunje mara kadhaa, iweke juu ya bandeji, mwambie aishikilie kwa viganja viwili kila kwikwi inapokuja. Haiizuii, ila maumivu yanapungua, na mtu aliyekuwa anaogopa hata kuvuta pumzi anaanza kupumua vizuri.

Dawa msiende kununua dukani. Klopromazini inatuliza kwikwi, lakini inashusha presha na kuleta usingizi. Mzee akiinuka haraka kwenda chooni anaanguka. Metoklopramidi haifai utumbo ukiwa umeziba. Baklofeni kwa mwenye figo dhaifu inajirundika mwilini mpaka anachanganyikiwa. Daktari naye huenda akataka kupima figo na chumvi za damu, na kuangalia dawa alizopewa mgonjwa: deksamethasoni, inayotolewa kuzuia kutapika baada ya nusu kaputi, yenyewe inaweza kuleta kwikwi.

Kama mmesharuhusiwa na mko nyumbani, kwikwi ikipita saa 48 rudini hospitali, hata kama mgonjwa anasema hajisikii vibaya. Lakini msizisubiri hizo saa 48 akiwa na homa, maumivu ya kifua au ya bega, matapishi ya kijani, tumbo linalovimba au mkojo uliopungua. Homa na kwikwi kwa pamoja, siku chache baada ya kupasuliwa tumbo, zinaweza kuwa usaha uliojificha chini ya kiwambo. Bandeji ikilowa ghafla maji yenye rangi ya damu, mshono wa ndani unaweza kuwa unaachia. Tafuteni gari saa hiyohiyo, hata iwe usiku na mko Kondoa.

Njooni na karatasi za kuruhusiwa na dawa zote anazomeza, zikiwemo za kienyeji, hakuna atakayewagombeza. Andikeni kwikwi ilianza lini, inazidi akila au la, na kama inaendelea akiwa amelala fofofo. Hilo la mwisho lisemeni hata msipoulizwa, kwa sababu kwikwi isiyokoma hata usingizini humfanya daktari azidi kutafuta chanzo chake mwilini.