Namna ya Kuufahamu Mtaa kwa Vyakula Vyake: Siku Moja Kirumba, Mwanza

Mgeni anayefika Mwanza na kuuliza mahali pa kula huelekezwa haraka kwenye hoteli ya ufukweni, akaletewa sato mzima wa kukaanga, na akiondoka huamini kwamba amekwisha kula chakula cha Mwanza. Sato huyo ni mzuri, lakini chakula wanachokula wakazi kila siku kimo mitaani, nacho hakionekani kwa mtu asiyezijua saa zake. Kila chungu cha mtaani huinjikwa kwa wakati wake na hupakuliwa kwa wakati wake, na kikiisha kimeisha. Nilipoanza kuzunguka Kirumba niliwahi kufika saa tano asubuhi nikitafuta supu, nikakuta sufuria zimekwisha kuoshwa na mama lishe anachambua mchele wa mchana. Kwa sababu hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata saa, na ingawa mfano wangu ni Kirumba, anayekaa Igoma, Mabatini au Nyegezi ataweza kuutumia kwa kubadilisha mambo machache.

Nenda kwa miguu, ukiwa na noti ndogo ndogo na chombo chako chenye mfuniko. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, chombo cha mnunuzi mwenyewe ndicho kinachofaa kwa chakula chenye mchuzi, na utawaona watoto wa mtaani wakitumwa na hotpoti kununua maharage ya jioni. Usile ukashiba mahali pa kwanza. Omba nusu sahani, nawe hutakataliwa ukiomba kwa adabu. Mpishi aliyekuzidi umri msalimie kwa shikamoo kabla ya kuuliza bei, na ukiweza kumwambia Msukuma “mwangaluka” asubuhi au “mwadila” baada ya mchana, mazungumzo yatafunguka yenyewe.

Anza saa kumi na mbili asubuhi. Chapati, vitumbua, mandazi na uji wa ulezi utavikuta karibu kila kona, wala havihitaji maelezo marefu. Chagua pale ambapo karai bado liko motoni na watu wanasubiri. Kinachostahili kutafutwa ni michembe na matobolwa, akiba ya zamani ya Wasukuma. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa juani, ilhali matobolwa huchemshwa kwanza, kisha hukatwa na kuanikwa. Michembe hurudishwa jikoni ikachemshwa, mara nyingi pamoja na karanga, na utamu wake ni mzito na una harufu ya jua ambayo kiazi kibichi hakina. Ukimkuta muuzaji mwenye maziwa mgando, kula vyote viwili pamoja, kwa maana uchachu wa maziwa huupunguza utamu wa kiazi.

Kufikia saa mbili, teremka Mwaloni, kwenye soko la samaki ambalo hupokea pia wanunuzi wa dagaa kutoka nchi za jirani. Hapa usiwe na haraka. Chukua dagaa wachache kiganjani, uwatazame kwenye mwanga: dagaa aliyeanikwa vizuri hung'aa kama fedha, mwili wake ni mzima na harufu yake ni ya ziwa, si ya uvundo. Kisha wasugue taratibu kwa kidole gumba. Wakikuachia chembe za mchanga, ujue waliachwa wakauke ardhini. Wale walioanikwa juu ya chanja hawana mchanga, na ndiyo maana bei yao huwa juu. Mimi sikuwasugua mara ya kwanza, nikanunua sado nzima kwa muuzaji mmoja, na nyumbani tuliosha maji manne bila mchanga kwisha.

Muulize pia muuzaji kama sasa ni giza au ni mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, kwa hiyo mwezi unapokuwa mpevu taa hupoteza nguvu, mitumbwi mingi hupumzika na bei hupanda. Mpishi anayejua kazi yake huipanga sahani yake kwa kufuata mwezi, na siku za mbalamwezi utaona kauzu, yaani dagaa wakavu, inapungua vibandani na maharage yanaongezeka.

Mchana, kati ya saa sita na saa nane, kaa kwenye benchi la mama lishe. Watu wengi huagiza “ugali” tu, wakaletewa wa sembe, wasijue kwamba jirani yao anakula mwingine. Uliza kama kuna ugali wa udaga, yaani wa muhogo uliovundikwa, ukaanikwa na kusagwa, mara nyingi ukachanganywa na mtama. Huvutika mkononi, rangi yake ni ya kahawia, na wenyeji wa Ukerewe na wa pwani ya Mara huuona kuwa ndio ugali hasa. Kwa mboga chagua mlenda, au nsansa, ambayo ni majani ya kunde yaliyokaushwa na hupendeza yakiungwa kwa karanga. Ukipata ndizi za kupikwa, uliza zimetoka wapi: nyingi huvuka ziwa kutoka Bukoba kwa meli inayosafiri usiku, na mpishi wa Kihaya atakueleza ni ndizi ipi ya kupika na ipi ya kuchoma.

Kuna chakula kimoja ambacho wageni hukiogopa bila sababu ya haki, nacho ni mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya kutolewa minofu. Sangara si samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Aliingizwa kuanzia miaka ya 1950, akaongezeka kupita kiasi, na viwanda vikaja kumchukua minofu kwa ajili ya masoko ya nje. Kichwa na mifupa iliyobakiwa na nyama ndiyo iliyokuja mitaani, ikakaangwa na kulisha familia ambazo hazikuweza kuinunua minofu. Sikubali mapanki yaitwe taka, kwa sababu nyama ya shavuni na ile iliyoshika mfupa wa shingo ina mafuta na ladha kuliko mnofu wenyewe. Hata hivyo uwe mwangalifu: nunua yaliyokaangwa siku hiyohiyo, yavunje kwa mkono badala ya kisu, na uyaache kama nyama imeanza kuteleza au inanuka uchachu.

Pumzika hadi saa kumi na mbili jioni, moto wa mkaa unapoanza kuwaka kando ya barabara. Mishkaki, chipsi mayai na mihogo ya kukaanga utaviona bila kutafuta. Tembea hatua chache kuingia ndani ya mtaa, ambako akina mama huuza samaki wa kukaanga mbele ya milango yao, na umwombe muuzaji kamongo, samaki mrefu wa ziwani, kama anaye, kwani nyama yake nene hupatana na ugali wa udaga. Ikiwa ni Novemba au Desemba, tafuta senene, wadudu wa jamii ya panzi. Hunyofolewa mabawa na miguu, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na hupaswa kuliwa wakiwa bado wanakatika kwa sauti chini ya jino.

Usimpige picha mpishi kabla ya kumwomba ruhusa. Kabla hujaondoka, mwachie yule mama lishe wa mchana chombo chako na umweleze siku utakayorudi, ili akuwekee nsansa kabla haijaisha.