Mtoto anayehema haraka: kazi ya nesi kuanzia benchi la kusubiri hadi siku ya kurudi

Mwongozo huu nauandika kwa nesi aliye zamu kwenye zahanati au kituo cha afya, iwe Bahi, Chamwino, Chemba au Mpwapwa, mahali ambapo gari la wagonjwa linapigiwa simu na kusubiriwa. Nazungumzia mtoto wa chini ya miaka 5 aliyeletwa kwa kikohozi au kwa kupumua kwa shida. Mwezi wa sita na wa saba, ule upepo wa baridi wa Dodoma unapoanza na vumbi lake, benchi linajaa watoto wa namna hii. Wengi wana mafua tu. Kazi yako ni kumpata yule mmoja mwenye nimonia kabla hajachoka, na kwa kazi hiyo macho yako na saa yenye mshale wa sekunde vinatangulia dawa yoyote.

Hatua ya 1: Pita kwenye benchi kabla ya kuita namba

Usisubiri mtoto afike mezani kwa zamu yake. Pita, salimia akina mama, huku ukiwatazama watoto. Unatafuta mambo manne, ndiyo dalili za hatari: asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege kwenye ugonjwa huu, na aliyelegea au asiyeamka vizuri. Mwenye hata moja kati ya hayo anaingia ndani sasa hivi, kadi itaandikwa baadaye.

Mama akikwambia "ananyonya", mwambie amweke titi ukiwepo. Kuna mtoto anayeshika chuchu, anavuta mara mbili, anaachia ili apate pumzi, kisha analia. Kwa mama huyo ananyonya. Kwako wewe huyo ameshindwa.

Hatua ya 2: Hesabu pumzi dakika nzima

Hapa ndipo tunapokosea wengi tukiwa na foleni. Tunahesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne. Mtoto mdogo hapumui kwa mpangilio: anaenda mbio, anapumzika kidogo, anaenda tena. Ukihesabu robo ya dakika unaweza kuangukia kwenye mbio au kwenye mapumziko, na hesabu yako itakuwa ya uongo kwa pande zote mbili.

Mtoto abaki mapajani kwa mama. Usimvue nguo zote, atalia, na mtoto anayelia hahesabiki. Mwombe mama anyanyue shati hadi uone kifua chote na tumbo. Simama pembeni, macho yako yawe usawa wa tumbo. Chagua sehemu moja inayopanda vizuri, mara nyingi juu kidogo ya kitovu, na uihesabu hiyohiyo hadi mwisho. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Kama analia, mpe mama nafasi amtulize, hudumia mwingine, urudi. Aliyelala usimwamshe, hesabu hivyohivyo.

Viwango vya chati ya IMCI (mwongozo wa kuhudumia watoto wagonjwa wa chini ya miaka 5) ni hivi:

- Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni haraka. Rudia kuhesabu ili uhakikishe.
- Miezi 2 hadi kabla ya kutimiza 12: 50 au zaidi.
- Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5: 40 au zaidi.

Angalia umri kwenye kadi ya kliniki, usikisie kwa mwili. Mtoto wa miezi 11 mwenye pumzi 44 yuko salama kwa kipimo hiki. Wa miezi 13 mwenye pumzi hizohizo anahema haraka. Andika namba yenyewe kwenye kadi pamoja na saa. Neno "anahema" halimsaidii nesi wa zamu inayofuata.

Hatua ya 3: Mbavu na mlio

Shati likiwa bado juu, tazama pale mbavu za chini zinapokutana na tumbo. Mtoto mzima akivuta pumzi, kifua na tumbo hutoka nje pamoja. Mwenye nimonia iliyombana, sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani wakati anavuta. Iwe inaonekana wazi, na iwe ni kila pumzi. Ngozi kidogo inayobonyea kati ya mbavu haitoshi.

Kisha sogeza sikio karibu na mdomo wake. Mlio mkavu wakati wa kuvuta pumzi, mtoto akiwa ametulia, ni koo limebana: huyo ni wa rufaa ya haraka, na usimwingize kijiti mdomoni kutafuta tonsesi, unaweza kufunga njia ya hewa kabisa. Mlio wa filimbi wakati wa kutoa pumzi ni mirija ya mapafu imebana. Mtoto mchanga anayegumia kila akitoa pumzi na pua zinatanuka, huyo amebakiza nguvu kidogo.

Hatua ya 4: Kipima oksijeni

Kama kipo, kitumie kwa kila mtoto mwenye kikohozi anayehema haraka. Kile cha kubana kidole cha mtu mzima hakimfai mtoto mchanga, tafuta waya wa watoto na ufunge kwenye dole gumba la mguu. Mguu wa baridi usomeshee baada ya kuupasha kwa mkono wako, hina na rangi ya kucha zifutwe au ubadilishe kidole. Subiri namba itulie na mapigo yaonekane yakienda sawasawa. Chini ya asilimia 90 ni oksijeni na rufaa. Midomo na ulimi kuwa bluu ni dalili ya kuchelewa, na watoto wenye upungufu wa damu wanaweza wasiwe bluu kabisa hata hali ikiwa mbaya.

Hatua ya 5: Filimbi kwanza, halafu hesabu upya

Mtoto mwenye mlio wa filimbi anayehema haraka usimpe jina la nimonia bado. Mpe salbutamo, dawa ya kufungua mirija ya mapafu, avute kutoka kwenye inhela (kopo la kubonyeza) kupitia spesa, yaani chombo kinachokaa kati ya inhela na uso wa mtoto, halafu urudie hatua ya 2.

Spesa ya dukani si lazima. Chukua chupa safi ya maji ya nusu lita. Kata robo ya juu, upande wa kifuniko, uitupe. Kwenye kitako toboa tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, liwe la kubana ili dawa isivuje. Kwenye ule mdomo mpana uliobaki kata alama ndogo ya V, hapo ndipo pua itakaa. Pitisha kingo kwenye moto wa mshumaa kidogo tu, zilainike zisimkwaruze mtoto. Kwa mchanga kabisa, kikombe cha plastiki kilichotobolewa vilevile kinatosha. Spesa mpya ipulizie dawa mara 4 au 5 kwanza, kwa sababu plastiki kavu inanasa dawa kwenye kuta zake.

Tikisa inhela, funika pua na mdomo, bonyeza mara moja, mwache avute pumzi 3 au 4, kisha bonyeza tena. Subiri dakika 15 hadi 20, hesabu pumzi upya, tazama mbavu upya. Unaweza kurudia hadi mara tatu. Wapo watakaoshuka kutoka 56 hadi 42 mbele ya macho yako, na hao hawahitaji antibiotiki uliyokuwa umeshaifungulia kopo.

Hatua ya 6: Anarudi nyumbani au anapanda gari

Kikohozi bila kuhema haraka na bila mbavu kuingia ni mafua. Hakuna amoksilini hapo, hata mama akisisitiza. Maji ya uvuguvugu, asali kidogo kama ametimiza mwaka, na maziwa ya mama peke yake kwa anayenyonya bila chakula kingine. Dawa za kikohozi zenye kodeini zikae mbali na watoto. Kikohozi kilichopita siku 14 kipelekwe kuchunguzwa kifua kikuu.

Anayehema haraka bila dalili ya hatari, wa miezi 2 na kuendelea, anaanza amoksilini ya kuyeyuka ya miligramu 250, asubuhi na jioni kwa siku 5. Kilo 4 hadi chini ya 10: kidonge 1 kila mara. Kilo 10 hadi chini ya 14: vidonge 2. Kilo 14 hadi 19: vidonge 3. Dozi ya kwanza mama aikoroge mwenyewe mbele yako, kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa yake. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Na usisahau kipimo cha malaria kwa mwenye homa: malaria nayo humfanya mtoto ahemee juu.

Mbavu zinazoingia ndani bila dalili nyingine, chati ya WHO ya 2014 inaruhusu atibiwe nyumbani, isipokuwa mwenye VVU au aliyekutana na maambukizi hayo. Mimi, kama kijiji kiko ng'ambo ya korongo na ni masika, namlaza au namtuma mbele. Korongo likijaa saa tisa usiku hakuna wa kumvusha.

Anayepelekwa mbele: mwenye dalili yoyote ya hatari, koo lenye mlio, oksijeni chini ya 90, na kila mtoto wa chini ya miezi 2 anayehema haraka. Kabla gari halijafika mpe dozi ya kwanza ya sindano, ampisilini na jentamaisini kulingana na uzito, na uandike saa kwenye barua. Sukari isishuke njiani: titi kama anaweza, la sivyo maji ya sukari mililita 30 hadi 50 (vijiko vidogo 4 vya sukari kwenye kikombe cha mililita 200). Asiyeweza kumeza apewe kwa mpira wa puani. Mfunike, kichwa na miguu pia.

Hatua ya 7: Oksijeni, na vumbi letu

Mirija ya puani ndiyo bora kwa mtoto. Mchanga aanze na nusu lita hadi lita 1 kwa dakika, wa chini ya mwaka lita 1 hadi 2, mkubwa hadi 4. Kabla ya kumvisha, tumbukiza ncha za mirija kwenye glasi ya maji: mapovu yasipotoka, kuna mahali panavuja au pamekunjika. Bandika kwenye mashavu kwa plasta, usifunge nyuma ya kichwa. Usipake mafuta ya mgando puani, mafuta na oksijeni ni moto.

Hewa ya Dodoma ni kavu na makamasi yanakauka haraka. Mtoto aliyekuwa na 94 akishuka ghafla hadi 85, usikimbilie kuongeza oksijeni. Toa mirija uitazame. Mara nyingi utakuta kipande kigumu cha kamasi kimeziba tundu moja. Lainisha pua kwa matone ya maji ya chumvi safi, futa, osha mirija, rudisha.

Konsentreta, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, nayo inavuta vumbi hilohilo. Kichujio cha sponji nyuma yake kioshwe kwa maji na sabuni kila wiki, wakati wa upepo hata mara mbili, na kikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Umeme ukikatika, mtungi uwe tayari na spana iwe imefungwa shingoni mwake kwa kamba. Spana za mitungi zina miguu.

Aliye kwenye oksijeni mpitie angalau kila baada ya saa 3: pumzi, oksijeni, mbavu, amekunywa nini. Akitulia, mara moja kwa siku izime oksijeni na ukae naye dakika 15. Akibaki 90 au zaidi bila kuhangaika, mwache bila oksijeni na uendelee kumpima.

Hatua ya 8: Chakula na homa

Kidogo kidogo, mara nyingi. Safisha pua kwanza, kwa sababu mtoto mwenye pua iliyoziba hawezi kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja. Anayehema sana usimlazimishe kikombe, atapaliwa. Pitisha mpira wa puani na hakikisha uko tumboni kabla ya kumimina chochote. Dripu usiifungulie kwa mazoea tu, mapafu yenye nimonia hayapendi maji mengi. Homa ya 38.5 na kuendelea, parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo.

Hatua ya 9: Maneno na mama

Muulize kwa upole kama mtoto amekatwa kimeo. Huku kwetu kikohozi kisichoisha bado kinapelekwa kwa mkata kimeo, na jeraha lake linavuja damu, linaingiza wadudu, na linamwongezea mtoto sababu ya kukataa kunyonya. Ukimfokea mama, atakuficha, na wa jirani yake pia. Mwambie tu: "Mama, kimeo hakileti kikohozi. Kikohozi kiko huku kifuani, njoo nikuonyeshe." Kisha mnyanyulie shati mtoto wake na umwonyeshe mbavu zinavyoingia. Mama aliyeiona kwa macho yake mara moja hawezi kuisahau, na bibi wa nyumbani atafundishwa jioni hiyohiyo.

Uliza anapikia wapi. Kwenye nyumba ya tembe moshi hauna pa kutokea, basi mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika, na jiko la mkaa lisilale chumbani hata baridi ikiwaje. Kikohozi kilichoanza ghafla mtoto akila, fikiria karanga. Ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga Kongwa ulikufa 1951, lakini karanga tunazo hadi leo, na punje moja nzima inatosha kuziba mrija wa pafu la mtoto wa miaka 2. Huyo ni wa hospitali, amoksilini haitamsaidia.

Hatua ya 10: Siku ya kurudi

Andika tarehe ya siku ya tatu, na umwambie mama arudi mapema zaidi akiona hanywi, anahema zaidi au amelegea. Angalia kadi papo hapo kama chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, 10 na 14 imekamilika, pamoja na surua ya miezi 9 na 18.

Akirudi, anza tena na hatua ya 2. Pumzi zimeshuka na anakula vizuri: amalizie siku 5, usibadilishe kitu. Pumzi ni zilezile: hesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti kabla ya kufikiria dawa nyingine, kwa sababu huenda wametumia kimoja kwa siku au wamemgawia na mdogo wake. Vidonge vimetumika sawasawa na bado anahema, au mbavu zimeanza kuingia: piga simu ya gari.