Namna ya Kupima Uwezo wa Kutembea Kabla ya Upasuaji wa Ateri za Mguu

Katika wodi ninamofanya kazi ya fiziotherapia, neno "anatembea" huandikwa kwenye faili kwa haraka mno. Mgonjwa anayetembea mwenyewe kabla ya upasuaji ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki na uhai na mguu wake kuliko yule asiyeweza kutoka kitandani, hata kama ateri (mishipa inayopeleka damu mguuni) za wote wawili zimezibuliwa vizuri.

Hatua ya 1. Muulize mgonjwa, kisha umuulize anayeishi naye: alikwenda wapi mara ya mwisho kwa miguu yake, lini, na nani alimshika? Binti mmoja alinihakikishia kwamba baba yake anatembea. Tulipohesabu, safari ya mwisho ilikuwa ya msikitini kabla ya Ramadhani, na Idi ilikwisha pita. Mimi huomba pia kuona kandambili, kwani soli isiyo na vumbi wala mchubuko husema mengi.

Hatua ya 2. Mweke katika kundi moja na uandike tarehe: anatembea bila msaada, anatumia mkongojo au fremu, hatembei ila anahama kutoka kitandani hadi kitini, au hatoki kitandani kabisa.

Hatua ya 3. Tafuta sababu, na hapa usiharakishe. Aliyeacha kutembea wiki 3 zilizopita kwa maumivu ya mguu uliokosa damu anaweza kurudi kwenye miguu yake damu ikifika, lakini aliyelazwa na kiharusi, moyo dhaifu au goti bovu hatainuliwa na ateri iliyofunguliwa. Kutotembea kwenyewe mara nyingi ni dalili ya mwili uliochoka kwa maradhi mengine, na ndiyo maana hatari yake haiishii mguuni. Nyoosha goti kwa upole: likiwa limekakamaa katika hali ya kujikunja kwa mtu ambaye hajasimama kwa muda mrefu, mwambie daktari wa upasuaji mapema, kwa sababu huenda kukata mguu, au matunzo ya kupunguza maumivu pekee, kukamfaa kuliko kupandikiziwa mshipa wa kupitisha damu kando ya palipoziba.

Hatua ya 4. Kama hana kidonda kwenye unyayo, mpime muda wa kuinuka kitini, kwenda mita 3, kugeuka, kurudi na kuketi. Sekunde 12 au zaidi kwa mzee huashiria hatari ya kuanguka. Uwiano wa shinikizo la damu la kifundo na la mkono ukiwa 0.90 au chini huonyesha ateri zimeziba, ukizidi 1.40, hasa kwa mwenye kisukari, usifurahi, kwani mishipa iliyokakamaa kwa chokaa huficha ugonjwa.

Hatua ya 5. Baada ya upasuaji, daktari akiruhusu, mketishe siku inayofuata, kisha msimamishe. Pima mapigo ya mguu kwa dopla (kifaa cha kusikiliza damu ikipita mshipani) kabla na baada ya zoezi. Mguu ukipoa, ukipauka au ukianza kuuma ghafla, acha zoezi na umwite daktari papo hapo. Visigino visiguse godoro.

Hatua ya 6. Siku ya kuruhusiwa na katika kila kliniki, andika tena kundi lake kando ya lile la mwanzo. Nimeona mishipa iliyopandikizwa ikipitisha damu vizuri huku mwenyewe akiletwa kliniki kwa kiti cha magurudumu, na kwenye faili ikaandikwa tu kwamba upasuaji umefaulu.