Kupunguza Vitu Katika Ofisi ya Nyumbani
Anza na karatasi, kwa sababu ndizo zinazorundikana kimyakimya na ndizo tunazoogopa zaidi kuzitupa. Stakabadhi na kumbukumbu za biashara zisichomwe ovyo, kwani sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinataka zihifadhiwe kwa miaka 5. Zipange kwa mwaka ndani ya majalada, kisha uzifungie kabatini, mbali na macho. Chaja ambazo hakuna anayekumbuka ni za simu gani mpelekee fundi, huenda zikamfaa. Mezani ibaki kompyuta, daftari moja na taa. Chupa ya maji, ambayo anayeishi kwenye joto la pwani hawezi kuikosa, ikae kwenye kigoda pembeni, kwani kibodi ikilowa haikauki upesi.